Mauaji ya Nairobi, Machi 1922

  Habari nitakayowaeleza ni ya siku moja katika mji wa Nairobi, siku ya Alhamisi, tarehe 16 Machi, mwaka wa 1922. Siku hiyo Waafrika wengi walikusanyika mbele ya kituo cha polisi, wakiwa hawana bunduki, nao wakapigwa risasi wakafa. Waliowapiga walikuwa askari wa Serikali; na pamoja nao, kwa ushahidi wa watu wengi, walikuwamo Wazungu raia waliokuwa barazani mwa hoteli iliyo karibu na kituo hicho.

Huenda mtu wa Ndalambo akauliza, Je, Nairobi si mbali, ng'ambo ya mipaka, na mwaka wa 1922 si zamani za mababu? Yatuhusu nini mambo hayo? Nitamjibu kwa maneno mawili.

Neno la kwanza ni hili. Gavana wa Kenya wa siku zile, Sir Edward Northey, hakuwa mgeni katika pande hizi. Yeye ndiye jenerali aliyeyaongoza majeshi ya Waingereza yaliyovuka mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwezi wa Mei 1916, yakitokea Karonga, na Fife, na Abercorn, mji ambao sasa huitwa Mbala, yakawafukuza Wadachi katika nchi hii yetu. Chakula na risasi za majeshi hayo vilibebwa vichwani na watu weusi, ambao wazee wetu waliwaita tengatenga. Inakadiriwa kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vile vya Afrika Mashariki wanakaribia 100,000, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam, na mtaa wa Kariokor katika Nairobi, yote miwili ilipata jina lake kutokana na jeshi hilo la wapagazi. Basi habari ya Nairobi na habari ya kwetu zina mzizi mmoja.

Neno la pili ni kwamba watu waliopigwa risasi siku ile walikuwa watu wa namna yetu. Walikuwa wakulima waliokwenda mjini kutafuta fedha ya kodi, na watumishi wa nyumbani, na makarani, na wanawake waliotoka vijijini. Hata leo vijana wetu hushuka Tunduma, na wengine huenda miji ya mbali zaidi, kutafuta riziki. Yafaa wajue jinsi mji unavyoweza kuwapokea watu kwa mkono mmoja na kuwakataa kwa mkono wa pili.

Sasa na tuutazame mji wenyewe. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilifika mahali paitwapo Nairobi mwaka wa 1899. Jina hilo latoka katika lugha ya Wamasai, na maana yake ni maji baridi. Palikuwa mahali pa nyasi na mabwawa, ambapo wafugaji walinywesha ng'ombe wao. Watu wa reli wakajenga karakana na nyumba, maduka yakafuata, na baada ya miaka michache makao makuu ya Serikali yakahamishwa kutoka Mombasa kuja pale. Hata mwaka wa 1904 hoteli kubwa ya Norfolk ikafunguliwa kwa ajili ya Wazungu waliokuja kuchukua mashamba na kuwinda wanyama.

Mji huo uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wenye vilima na miti mingi. Wahindi walikaa karibu na maduka yao. Waafrika walikaa vijijini pembezoni, kama Pangani na Mji wa Mombasa, katika nyumba za udongo ambazo Baraza la Mji liliweza kuzibomoa wakati wowote. Bila Waafrika mji usingedumu hata siku moja, kwa sababu wao ndio waliochota maji, wakapika vyakula, wakasukuma mikokoteni, wakalea watoto wa watu, wakaandika barua maofisini. Walakini mbele ya sheria hawakuhesabiwa kuwa wenyeji wa mji. Walihesabiwa kuwa wafanya kazi waliopewa ruhusa ya kuwapo mpaka kazi itakapokwisha.

Vita vilipokwisha, wapagazi waliosalia walirudi makwao wakitumaini kwamba taabu yao itakumbukwa. Yaliyowapata ni haya.

Kwanza, kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka wa 1915, ikaanza kutumiwa kwa nguvu vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alipaswa kuchukua karatasi yenye jina lake, na alama za vidole vyake, na jina la bwana aliyemwajiri, na siku aliyoanza kazi na siku aliyoiacha. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, nacho kikafungwa kwa uzi na kuvaliwa shingoni. Polisi aliweza kumsimamisha mtu popote na kumwambia, Lete kipande. Asiyekuwa nacho alipelekwa kwa hakimu. Mtu aliyeacha kazi bila bwana wake kutia sahihi aliweza kutafutwa nchi nzima na kurudishwa. Wazungu hawakuvaa kikebe hicho, wala Wahindi. Kwa hiyo watu wakasema kwamba wamefungwa kengele kama mbuzi.

Pili, kodi. Mwaka wa 1920 kodi ya nyumba na kodi ya kichwa zilipandishwa mpaka kufikia kiasi cha shilingi 16 kwa mwaka. Tatu, mishahara. Mwaka wa 1921 bei za mazao zilipoanguka, walowezi wa Kizungu walipatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Fikirini, wasikilizaji: kodi ilipanda na mshahara ukashuka, na aliyepanga kodi na aliyepanga mshahara walikuwa wakionana kila siku.

Nne, kazi za kulazimishwa. Mwezi wa Oktoba 1919 Serikali ya Gavana Northey iliwapelekea maofisa wake waraka wa kuwataka wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Na mashamba yalipokuwa karibu na vijiji, wanawake na watoto pia wahimizwe. Neno kuhimiza lilikuwa la karatasini. Huko vijijini chifu aliyehimizwa na ofisa aliwatuma watu wake kuwakamata wasichana, wakaenda kuchuma kahawa. Wakuu wa misioni na maaskofu waliandika kuulalamikia waraka huo, na mwaka wa 1921 Waziri wa Makoloni katika London, Winston Churchill, akaagiza kwamba Serikali isiwatafutie tena walowezi vibarua. Lakini akina mama walikuwa wamekwisha kuonja uchungu wenyewe, nao hawakuusahau.

Katika siku hizo alitokea kijana mmoja, jina lake Harry Thuku. Alizaliwa Kiambu mwaka wa 1895, akasoma katika misioni ya Kambui, akaenda Nairobi mwaka wa 1911. Alifanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi, na baadaye akawa mpokea simu katika ofisi ya Hazina ya Serikali. Alijua Kiingereza na Kiswahili, alijua kuandika barua, tena alijua jinsi Serikali inavyoandikiana yenyewe kwa yenyewe. Mwaka wa 1921 yeye na wenzake wakaanzisha chama, kwanza cha vijana wa Kikikuyu. Kisha wakaona kwamba taabu si ya kabila moja, wakakiita Chama cha Afrika Mashariki. Ndani yake walikuwamo Wakristo na Waislamu, na watu wa makabila mbalimbali waliokaa Nairobi. Wahindi wengine, hasa Manilal Desai, waliwasaidia kwa ofisi na kwa kupiga chapa.

Thuku alisafiri kwa motokaa kuhutubia mikutano. Alidai kodi ipunguzwe, mishahara irudishwe, na kazi za kulazimishwa za wanawake ziishe. Juu ya kipande alitoa shauri kwamba vikusanywe vyote, vipelekwe kwa Gavana vikatupwe mlangoni pake. Wakubwa wake wa Hazina walimwambia achague kazi yake au chama chake, akachagua chama. Machifu waliokula mshahara wa Serikali walimchukia, kwa sababu aliwataja waziwazi katika mambo ya wasichana waliolazimishwa kufanya kazi. Wanawake walimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Usiku wa tarehe 14 Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa, akawekwa katika kituo cha polisi cha Nairobi, karibu na Hoteli ya Norfolk.

Habari zilienea usiku ule ule. Kesho yake, tarehe 15, watumishi wengi waliacha kazi. Wapishi waliacha majiko, na madereva waliacha motokaa, wakaja kukusanyika mbele ya kituo. Walisali pale wakamwomba Mungu amlinde mtu wao, na jioni wengi wakatawanyika kwa amani. Asubuhi ya tarehe 16 wakarudi, nao walikuwa wengi zaidi. Wako waliokisia kwamba walifika 7,000 au 8,000. Mbele yao walisimama askari polisi, Waafrika kama wao, wenye bunduki zenye singe, pamoja na maofisa wao Wazungu.

Watu walichagua wajumbe, wakaenda kwa Sir Charles Bowring, Katibu Mkuu wa Serikali. Ndiye yule ambaye baadaye, tangu mwaka wa 1924, alikuwa Gavana wa Nyasaland, ng'ambo ya Mto Songwe. Yeye aliwaambia kwamba Thuku atatendewa haki, na kwamba watu warudi makwao. Wajumbe wakarudi na jibu hilo, wakawasihi watu watawanyike. Wengine wakaanza kuondoka.

Hapo wanawake walikasirika. Walikuwapo wengi, nao walikuwa wameuliza maana ya kuja pale kama wanaume watarudi mikono mitupu. Akatoka mmoja mbele, jina lake Mary Muthoni Nyanjiru, mwenyeji wa Weithaga katika wilaya iliyoitwa Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a. Akainua vazi lake mbele ya wanaume wote, akawaambia kwamba kama wanaogopa basi wachukue mavazi yake, nao wampe yeye suruali zao. Kwa mila za Wakikuyu, mwanamke mtu mzima akifanya hivyo ametoa laana iliyo kubwa kuliko matusi yote. Kila aliyezaliwa na mama aliielewa. Wanawake wakapiga vigelegele, na umati ukasukumana kwenda mbele mpaka karibu na singe za askari.

Bunduki moja ikalia, zikafuata nyingine. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuanguka. Watu walikimbia huku na huku, na wengine walipigwa wakiwa wanakimbia. Katika saa hiyo hiyo Wazungu waliokuwa barazani mwa Hoteli ya Norfolk wakapiga risasi nao, wakiwalenga watu waliokuwa wakikimbia kuelekea upande wao. Hawakuwa askari, wala hapakuwa na ofisa aliyewaamuru. Walikuwa wamekaa kunywa na kutazama.

Nataka tusimame hapa kidogo, wasikilizaji wangu, tupambanue mambo mawili. Askari waliopiga walikuwa Waafrika, na mtu aweza kusema, Basi ni watu weusi waliowaua watu weusi, mambo ya rangi yametoka wapi? Jibu ni kwamba askari alisimama pale kwa ajili ya kulinda amri iliyofanywa kwa ajili ya rangi moja, na mshahara wake na bunduki yake vilitoka katika amri hiyo. Lakini mtu wa barazani hakuwa na amri wala mshahara wa kazi ile. Yeye alipiga kwa sababu alijua moyoni mwake kwamba hataulizwa. Mji ulikuwa umemfundisha hivyo tangu siku aliyoingia: aliona watu wenye vikebe shingoni wakisimamishwa barabarani, akaona kwamba mtu mwenye kikebe ni wa kuamriwa tu. Bunduki ya siku ile ilitanguliwa na karatasi za miaka mingi.

Sasa tuje kwenye hesabu ya wafu. Serikali ilisema waliokufa ni 21, na kati yao wanawake 4. Lakini watu wa chama walisema kwamba watumishi wa hospitali walihesabu maiti 56, na wako waliotaja hesabu kubwa zaidi. Majeruhi wengine waliogopa kwenda hospitali wasije wakakamatwa, wakachukuliwa na ndugu zao mpaka vijijini. Serikali ilipeleka karatasi za habari hii mbele ya Bunge la London mwaka ule ule wa 1922, nazo zilieleza kwamba polisi walilazimika kupiga. Hakuna Mzungu wa barazani aliyehukumiwa.

Litazameni jambo hili vizuri. Serikali ile ilikuwa na alama za vidole za maelfu na maelfu ya wanaume. Mtumishi akitoroka kwa bwana wake, iliweza kumfuatia kwa nambari yake mpaka kijijini kwao. Lakini watu hao walipoanguka mbele ya kituo cha polisi, mchana, katikati ya mji mkuu, hesabu yao ikawa mashaka. Hii yatuonyesha kwamba kuandikwa na kuhesabiwa si lazima kuwe heshima. Mfugaji naye huhesabu ng'ombe wake. Heshima ni pale mtu anapouliza habari ya aliyekufa: alikuwa nani, mwana wa nani, na nani aliyempiga.

Harry Thuku hakufikishwa mbele ya hakimu. Alipelekwa uhamishoni Kismayu, mji ambao sasa ni wa Somalia, na baadaye akahamishwa mahali mbalimbali mpaka Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Aliachiliwa mwisho wa mwaka wa 1930, na katika maisha yake ya baadaye siasa yake ikawa ya upole, hata vijana wengine wakamwona amerudi nyuma. Akafa mwaka wa 1970. Barabara ile ile inayopita mbele ya hoteli na kituo cha polisi imepewa jina lake.

Mambo ya namna hii hayakuzaliwa Nairobi. Ili tuyaelewe, na tuvuke bahari mpaka Marekani, katika mji wa Memphis ulio kando ya mto mkubwa wa Mississippi, mwaka wa 1866. Huko nako vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, ambavyo mwisho wake uliwatoa Waafrika milioni kadhaa katika utumwa. Watu weusi wengi walipigana vita hivyo wakivaa nguo za Serikali, na waliokuwa watumwa wa mashambani walihamia Memphis kutafuta kazi na kukaa karibu na askari wenzao. Wazungu wengi wa mji, na hasa polisi wao, waliwachukia askari hao. Tarehe 1 Mei 1866, mara tu baada ya askari weusi kuondolewa jeshini, palitokea ugomvi kati yao na polisi. Kisha kwa siku tatu polisi, na wazima moto, na raia wa Kizungu, wakaingia mitaa ya watu weusi, wakaua, wakaiba, wakatenda jeuri kwa wanawake, wakachoma nyumba. Watu weusi 46 waliuawa, na Wazungu 2. Nyumba 91 ziliteketezwa, pamoja na makanisa 4 na shule 12.

Mnaona mlivyofanana miji hii miwili. Katika kila mmoja vita vilikuwa vimekwisha, na watu weusi walikuwa wametumika katika vita hivyo. Walikuja mjini wakitaka kuwa wenyeji. Polisi waliopaswa kuwalinda walisimama upande wa pili, na raia wakajiunga nao kuua. Wala Memphis hakuna aliyeadhibiwa.

Walakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyonifanya niwaletee habari ya Memphis. Baada ya siku chache Bunge la Marekani lilituma kamati mjini mle. Wajumbe wa kamati walikaa wakasikiliza mashahidi wengi, Wazungu na weusi, wanaume na wanawake. Wanawake waliokuwa watumwa miaka michache nyuma waliketi mbele ya waheshimiwa hao wakasimulia waliyotendwa, na maneno yao yakaandikwa na kupigwa chapa. Kwa hiyo leo twajua habari za waliokufa Memphis, na nyumba zilizochomwa, na vitu vilivyoibwa. Habari hizo ziliwasukuma watu wa kaskazini mwa Marekani kukubali badiliko la 14 la Katiba yao, lililothibitishwa mwaka wa 1868, lisemalo kwamba kila aliyezaliwa katika nchi hiyo ni raia wake, na kwamba sheria imlinde kila mtu sawasawa. Kweli sheria hiyo ilivunjwa mara nyingi katika miaka iliyofuata, lakini iliandikwa, na wajukuu wakaishika wakaidai.

Nairobi haikupata kamati ya namna hiyo. Wanawake waliokuwapo siku ile hawakuitwa na Bunge lolote kusema waliyoyaona. Habari zao zilikaa vinywani. Walitunga wimbo wa kumsifu Nyanjiru na wenzake, na Serikali ikaupiga marufuku, nao wakaendelea kuuimba. Wazee waliokuwapo waliwasimulia watoto wao, na baada ya miaka mingi wasomi wakaja kuwauliza. Mengi tujuayo leo, hata jina la Mary Muthoni Nyanjiru, yamehifadhiwa kwa njia hiyo.

Je, damu ile ilibadili neno? Ilibadili kiasi. Katika mwaka ule ule wa 1922 kodi ilipunguzwa kutoka shilingi 16 mpaka shilingi 12. Habari zilivuka bahari upesi: siku chache baada ya mauaji, Marcus Garvey, kiongozi wa watu weusi aliyekaa New York, alimpelekea Waziri Mkuu wa Uingereza simu ya maandishi kulaumu tendo hilo. Gavana Northey aliondolewa Kenya mwaka huo. Mwezi wa Julai 1923 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba katika Kenya maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia, ingawa tangazo hilo lilitokana zaidi na ugomvi kati ya walowezi na Wahindi, na walowezi wakaendelea kushika nchi nzuri. Vyama vingine vikazaliwa, vikafanya kazi kwa siri zaidi na kwa uangalifu zaidi. Kipande chenyewe kiliendelea kuning'inia shingoni kwa miaka mingine 25, mpaka mwaka wa 1947 ilipotungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Na Kenya ikapata uhuru wake mwaka wa 1963.

Watu walikuwa wameomba mambo madogo: kodi iwe ya kiasi, mshahara usikatwe, mabinti wao walale nyumbani, na mtu wao aliyefungwa ahukumiwe kwa haki mbele ya hakimu. Serikali iliyoyaona maombi hayo kuwa ni uasi ilikuja baadaye kupambana na maombi makubwa zaidi, na kwa gharama kubwa zaidi.

Wazee wetu walisema, Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Tusingoje watu wa mbali wahesabu wafu wetu. Hapa Ndalambo na vijiji vilivyo jirani, njia za vita vya 1914 hata 1918 zilipita, na watu wakachukuliwa kubeba mizigo. Wengine hawakurudi. Majina yao hayamo katika mawe ya kumbukumbu, ila yamo katika vichwa vya wajukuu na vitukuu wachache waliosikia kwa wazee. Ninyi wanafunzi mnajua kuandika. Chukueni daftari, mwende kwa bibi na babu, mwulize kwa adabu: katika ukoo wetu, nani alikwenda tengatenga? Aliitwa nani? Alichukuliwa wapi, na nani aliyeleta habari ya kifo chake? Andikeni jina, na jina la baba yake, na kijiji chake, hata kama habari ni ya mstari mmoja. Msiandike msilolisikia, wala msitie chumvi, kwa maana uongo mmoja huwapa watu sababu ya kukataa kweli kumi.

Na wewe kijana ambaye siku moja utavaa nguo za askari, au utakaa katika ofisi yenye mhuri, ukumbuke kituo kile cha polisi na baraza ile ya hoteli. Anayekuja mbele yako kwa mikono mitupu kuuliza habari za ndugu yake amekupa heshima, maana ameamini kwamba utamjibu. Mjibu.